Mlango Ukiwa Wazi

Maisaka, Babati
Jumapili jioni

Mwanangu Namsifu,

Nilifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumjulia hali mtu aliye mbali. Sasa nitakujuliaje hali na wewe nakuona hapo uani, umekalia ndoo iliyopinduliwa, unasugua viatu vya kesho kwa mara ya tatu? U mzima. Mimi pia ni mzima. Hofu ninayo, lakini nitaisema zamu yake ikifika.

Mchana Mama Shamim alinikuta dukani kwake nachagua bahasha. Nilipomwambia ni ya nini alicheka mpaka akaishika kaunta. "Barua ya Nangara? Mtu anahamia Nangara, pikipiki moja tu kutoka hapa, unamwandikia barua?" Nikamwambia ndiyo, namwandikia, na nipe bahasha mbili maana moja haitatosha. Mdogo wako Elisante alipokwenda chuo Arusha nilimwandikia kurasa nne, na hakuna aliyecheka. Wewe unaondoka nyumbani kama alivyoondoka yeye. Barua ni haki yako, iwe ni Nangara au Ulaya.

Najua husomi. Atakusomea mwenzako Tabita, kidole chake kwenye mstari, neno moja moja, ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa. Tabita mwanangu, usiharakishe. Ukichoka, funika karatasi, mnywe chai, mwendelee kesho. Ila usiruke. Kuna mahali utaona aibu kwa niaba yangu, na hapo hasa ndipo sitaki uruke.

Mambo ya nyumba siandiki. Kuzima jiko, kufunika maji, kuanua nguo wingu likitanda juu ya mlima Kwaraa, hayo unayajua kuliko mimi. Juzi tu ulinigombeza kwa kuweka kibiriti karibu na mkaa. Nikaona haya, nikakiondoa.

Nianze na baba yako mdogo, kwa sababu bado nina hasira naye, na hasira ikikaa inachacha.

Jumapili iliyopita alikuja kutoka Same na begi dogo na maneno makubwa. Tangu baba yako afariki, miaka mitatu sasa, huyu bwana anajiona ndiye mwenye nyumba hii, ingawa hajawahi kununua hata bati moja. Akakaa kwenye kiti cha marehemu. Akasema, "Shemeji, nimesikia unataka kumtoa Namsifu akaishi peke yake. Mtu kama huyu hatoki nyumbani. Ukoo utachekwa."

Nikamwambia haishi peke yake, anaishi na Tabita, binti wa Mzee Tluway mwenye kitalu cha miche, kwenye vyumba viwili vya uani vya mzee huyo huyo. Akasema ndiyo vibaya zaidi, wawili wasiojua kitu. Akasema mtaunguza nyumba. Nikamkumbusha kwamba Elisante, mwenye diploma yake, ndiye aliyeunguza sufuria yangu ya pilau na pazia juu yake, na alipoondoka yeye baba mdogo alimpa baraka na shati jipya.

"Huyo ni mzima," akasema.

Mwanangu, ulikuwa umesimama pale mlangoni na sinia la chai. Ulisikia. Ukaliweka mezani, ukamwekea kikombe chake, ukamwambia, "Karibu chai, baba mdogo," kwa adabu ambayo yeye hakuwa nayo. Kisha ukatoka. Mimi sikuwa na adabu yako. Nilimwambia, "Shemeji, kunywa chai ya mtu asiyejua kitu. Ukimaliza, basi la Same linapita saa saba." Thubutu! Akae kwenye kiti cha mume wangu amtukane mwanangu? Alikunywa, akaondoka. Nasikia anauambia ukoo mzima kwamba nimechanganyikiwa. Aseme.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana naweza kujisifu mpaka karatasi iishe, nawe hutajua kwa nini nilimjibu kwa ukali namna ile. Nilimjibu hivyo kwa sababu maneno yake niliyajua. Niliwahi kuyasema mwenyewe.

Tulihamia hapa Babati mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya kabisa. Baba yako alikuwa karani, akaletwa kwenye ofisi ambazo bado zilinuka rangi. Wewe ulikuwa na miaka mitano na Elisante alikuwa mgongoni. Ulikuwa hujasema neno, mate yalikuwa yanakudondoka, na ulikuwa unatembea umeshika kona ya kanga yangu. Kule Same nilikuwa nimechoka. Kanisani wanawake walikuwa wanasogeza watoto wao nikikaa. Mmoja aliniuliza usoni nilikula nini nilipokuwa na mimba yako. Huku hakuna aliyetujua. Mji ulikuwa umejaa wageni wa kila mkoa, kila mtu anaanza upya, nami nikataka kuanza upya. Ndivyo nilivyojidanganya.

Siku ya kwanza tu, mama mwenye nyumba alitupokea uani. Unaijua desturi yetu tangu utoto wako: mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Akaniuliza kwa wema kabisa, "Karibu jirani. Tukuite Mama nani?"

Ulikuwa umesimama mbele yangu. Wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza. Umebeba jina la bibi yako mzaa baba, mwanamke aliyeheshimika milima yote ile. Nikafungua mdomo nikasema, "Mama Elisante."

Akakutazama. "Na huyu?"

"Mtoto wa dada yangu. Nimemchukua nimsaidie."

Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenishikia panga. Maneno machache tu ya mwanamke aliyechoka, na mji mzima ukaniita Mama Elisante mpaka leo. Wahenga wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikuandikii ili unipe pole.

Tabita, hapo usiruke. Endelea.

Kutunga uongo si kazi. Kazi ilikuwa wewe, maana mwaka ule ule ulianza kusema, na neno lako la kwanza lilikuwa "mama". Nililisubiri miaka mitano! Ulilisema jikoni, umeshika kijiko, nikakukumbatia nikalia. Halafu jirani akabisha hodi, ukalisema tena, kwa sauti. Nikaogopa.

Usiku sikulala, na asubuhi nikaanza kukufundisha. Nilichukua sahani ya karanga. Nikafunga mlango, nikasema, "Mlango umefungwa, unaniita nani? Mama." Karanga moja. Nikafungua mlango, nikasema, "Mlango uko wazi, unaniita nani? Mama mdogo." Karanga moja. Funga, fungua. Funga, fungua. Siku ya tatu ulikuwa hukosei. Baadaye, tulipokwenda kuuliza nafasi ya shule na mwalimu mmoja akatuambia kwamba hufundishiki, nilitikisa kichwa kwa huzuni, na moyoni nilijua anasema uongo. Ulifundishika kwa siku tatu. Nilikufundisha kunikana.

Na nikuambie la pili. Yule mwalimu alipotukatalia, baba yako alitaka kwenda kwa afisa elimu. Mimi nilimzuia. Nilisema nimechoka, lakini ukweli ni kwamba nilipata nafuu. Shule ina madaftari, ina mahali pa kuandika jina la mzazi. Ukikaa nyumbani hakuna anayeuliza. Kwa hiyo husomi leo kwa sababu yule mwalimu alifunga mlango, na kwa sababu mimi niliusukuma mlango ule kwa upande wangu. Nilikuwa namlaumu mwalimu peke yake. Siku hizi namlaumu nusu.

Baba yako hakunikubalia na hakunikataza. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Ila kuna jambo moja alilolishika mpaka kufa. Kwa kuwa ulikuwa na jina la mama yake, alikuita "mama". "Mama, niletee maji." "Mama, umekula?" Mlango ukiwa wazi, mlango ukiwa umefungwa, mbele ya bosi wake, mbele ya mchungaji. Nilimwambia atatuponza. Alinitazama tu, akaendelea kukuita mama.

Sasa kumbuka siku yako ya kipaimara, ukiwa na miaka kumi na sita. Mwinjilisti alikuwa amesema haiwezekani, Katekisimu lazima ijulikane kwa moyo. Baba yako akakupeleka mbele ya mchungaji, ukaimba. Uliimba nyimbo kumi na moja bila kitabu, beti zote, mpaka mchungaji akasema inatosha, na wewe ukakataa kunyamaza kwa kuwa ubeti wa mwisho ulikuwa bado. Ukaandikishwa.

Ile Jumapili mlipangwa mbele, mmevaa nyeupe. Gauni lako nililishona mwenyewe kwa cherehani hii. Mchungaji akasema wazazi waje wasimame nyuma ya watoto wao na kuwawekea mikono mabegani. Wazazi wakainuka. Baba yako akainuka. Mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi la wanawake. Mama mdogo haitwi kwenye jambo la wazazi. Nikainamisha kichwa kana kwamba nasali.

Ukageuka. Ulimwona baba, ukatafuta, ukaniona. Milango ya kanisa ilikuwa wazi yote miwili, upepo unaingia. Ukaitazama ile milango kwanza, nilikuona ukiitazama. Kisha ukasema kwa sauti ile yako isiyojua kunong'ona, "Mama mdogo, njoo."

Kanisa zima lilisikia. Ningefurahi kama ungesahau siku ile. Ungesema "mama" tu, nikaumbuka, ikaisha. Lakini ulishika agizo langu mbele ya madhabahu, siku ambayo kila mtoto alikuwa na mama nyuma yake.

Nilitembea. Sijui nilifikaje. Nikaweka mikono juu ya mabega yako, nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Mimi si mama mdogo. Huyu nilimzaa mimi."

Nilidhani paa litaanguka. Mchungaji aliendelea na ibada. Mama mmoja mbele alipenga kamasi. Basi. Kesho yake nikaenda kwa Mama Shamim nimejifunika kanga mpaka puani, maana nilijua habari zimevuka kutoka kanisani mpaka msikitini. Akanipimia sukari. Akasema, "Umesema eti?" Nikasema nimesema. Akafunga mfuko, akasema, "Sisi tulijua siku nyingi. Pua hiyo hiyo, mwendo huo huo, hata hasira ni hiyo hiyo. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Loo, Namsifu! Miaka kumi na moja nilikuwa nimejificha nyuma ya jani la mgomba.

Ungedhani iliishia hapo. Mimi nilidhani. Nilirudi nyumbani nikafungua mlango, nikakuambia, "Sasa imekwisha. Mlango wazi, mama. Mlango umefungwa, mama." Ukanitazama kwa mashaka, ukaenda ukaufunga mlango, ndipo ukasema, "Mama." Nikaleta karanga, nikajaribu tena. Wiki nzima, mwezi mzima. Nilichokipanda kwa siku tatu kilikuwa kimeota mizizi, na jembe langu halikukifikia.

Halafu ile siku ya sokoni. Nitaiandika kama ilivyokuwa. Ulikuwa na miaka kumi na minane, tunanunua mbaazi, wanawake wamejaa, nikasikia nyuma yangu, "Mama mdogo, twende." Mmoja wao akaangua kicheko. Nikageuka nikakupiga kofi. Mbele za watu. Msichana mkubwa. Hukulia, ulishika shavu tu, ukauliza, "Nimekosea mlango?"

Mama Shamim alikuwa pale. Alinivuta mkono mpaka nyuma ya vibanda, akanisema kama mama mkwe. "Mafunzo ni yako. Makosa ni yako. Mtoto anapigwa kwa kutii? Mwombe radhi, na umwombe pale pale ulipompigia." Nikarudi. Nikakuomba radhi kati ya magunia. Ukaniambia, "Sawa, mama mdogo," na tukaenda nyumbani.

Sijawahi kuinua mkono tena. Lakini nilifanya kosa jingine la kimyakimya: nilianza kukuficha upya, safari hii kwa jina la kukulinda. Mzee Tluway alikuja kushonesha koti, akakuona unapanga vipande vya vitambaa kwa ukubwa wake, kila fungu sawa na jingine. Akasema, "Mama, huyu ana jicho la kazi. Mlete Singe kwenye kitalu changu." Nikasema hawezi. Akasema, "Wangu pia waliniambia hawezi. Anaitwa Tabita, na sasa ndiye anayeandika majina ya miche." Nikasema nitafikiri. Nilifikiri mwaka mzima! Nilisema kuna jua, kuna mbwa, kuna wanaume, barabara ina malori. Yote ni kweli. Na la kweli kuliko yote ni kwamba nilikuwa nimezoea kukuweka ndani.

Ni wewe uliyenishinda. Asubuhi moja ulivaa mabuti ya baba yako, ukasimama barabarani, ukasema hutarudi ndani mpaka twende Singe. Nilikubembeleza, nikakutisha, nikakuahidi soda. Uligoma mpaka saa tano, majirani wanatazama. Tukaenda.

Sasa hivi anayetaka miche Babati nzima anajua. Wengine wakijaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi, wanaacha hewa katikati na mche unakufa. Wewe unakijaza kiriba, unakigonga chini mara mbili, unakiongeza, unakigonga tena. Huchoki. Wanakuja watu wa ofisi na magari yao wanasema, "Tunataka ile miparachichi ya Namsifu." Mmoja alikuja akasema anataka kuhudumiwa na mtu mwenye akili. Mzee Tluway akamwambia miche yote uani imepandwa na hao asiowataka, kwa hiyo aende akatafute porini. Nilicheka siku tatu.

Sasa hofu, nilikuahidi. Ninaogopa wanaume. Ninaogopa mtu mwenye maneno matamu anayejua kwamba hukatai haraka. Kwa hiyo ule mgomo wako wa barabarani, siku ya mabuti, ubebe uende nao Nangara. Ikiwa ulinigomea mimi mama yako, unaweza kumgomea yeyote. Simama, sema hapana, sema kwa sauti hiyo hiyo ya kanisani. Majirani watakuja. Nimepita nyumba tano za pale nikawaambia ninyi ni nani. Nimewaomba wawasalimie na waitikie mkiita. Sikuwaomba wawachunge, maana ninyi si mbuzi. Mama mmoja aliniuliza, "Tukiwaona wanakosea tufanyeje?" Nikamwambia, "Wewe ukikosea huwa tunafanyaje?" Akacheka, akasema mtakuja kwake Ijumaa kusuka nywele.

Utakosea. Utanunua nyanya zilizooza, utagombana na Tabita kuhusu redio, utachoka utasema unataka kurudi. Ukitaka kurudi siku moja, njoo ule, ulale, kisha nitakurudisha mwenyewe. Ukitaka kurudi kabisa, hiyo ni juu yako, si juu ya baba mdogo wala si juu yangu.

Nimebakiwa na jambo moja tu, la jana.

Jana tulikwenda Nangara kwa mwenyekiti wa mtaa ukaandikishwe kwenye daftari la wakazi. Ofisi ile ina mlango mpana unaotazama barabara, na wanawake watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri zamu yao. Mwenyekiti akaniangalia mimi, akauliza, "Huyu anaitwa nani?" Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, ana mdomo." Akakuuliza. Ukasema Namsifu, ukasema kazi yako ni miche. Akaandika. Akauliza, "Na huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Nikaubana mdomo wangu. Ukaugeukia mlango. Ukautazama vizuri, ukawatazama na wale wanawake. Ukasema, "Mama mdogo."

Mwenyekiti akaandika. Na mimi, mwanangu, sikukugeukia wewe. Nilimgeukia yeye. Nikamwambia, "Mwenyekiti, hajakosea. Mimi ni mama yake mzazi. Nilimfundisha kunikana akiwa mdogo kwa sababu nilimwonea haya, na yeye hajasahau. Andika chini yake, mama mzazi." Nilisema kwa sauti, wale watatu wa nje wasipate shida ya kutega masikio. Mwenyekiti aliweka kalamu, akaichukua tena, akaandika.

Ndipo ukanivuta kanga. Umekunja uso, umekasirika. Ukainama sikioni kwangu, ukajitahidi kunong'ona, wewe usiyejua kunong'ona, ukasema, "Mama mdogo, mlango. Mlango uko wazi."

Njia nzima mpaka Maisaka ulidhani nimeudhika. Namsifu, nilikuwa nimeelewa kitu ambacho sikukielewa miaka yote hii. Nilidhani umeshindwa kusahau. Kumbe ulikuwa unanilinda. Ulijua kwamba mama ana siri, ukaitunza kanisani, ukaitunza sokoni shavu linawaka, ukaitunza mbele ya serikali. Na kuna watu wanasema huwezi kuweka jambo kichwani! Waje waniulize mimi.

Basi sikia, ninakupumzisha. Ile siri imekwisha kazi. Lakini sitakufundisha tena, sina karanga. Nikija Nangara, ukiniita mama mbele ya watu, nitaitika. Ukiniita mama mdogo, nitaitika vile vile, na nitawaeleza waliopo mimi ni nani, mara moja, mara mia, mpaka nizeeke. Kurekebisha ni kazi yangu. Wewe una miche yako.

Viatu vimeshang'aa, naona umeviweka sambamba kizingitini. Unaniita nije nivione. Nakuja.

Tabita, bado mistari miwili. Kabla hujaisoma, inuka. Fungua mlango wa chumba chenu, wazi kabisa, na kama kuna watu wanapita, vizuri. Kisha soma kwa sauti.

Namsifu, mimi ni mama yako. Wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza.

Mama Namsifu